Mchinjaji Aliyeshindwa na Koa

Volkmar Lindig alichinja nguruwe maisha yake yote ya kazi, lakini alipopewa bustani alishindwa kuua koa. Nina haki ya kulisema hili kwa sababu mimi ndiye jirani yake, tumetenganishwa na waya unaofika magotini tu, na koa aliowaacha hai walivuka kuja kula kwangu.

Koa ninaowasema ni wale konokono wasio na nyumba, wa rangi ya kutu, wanene kama kidole gumba. Hapa Leipzig, Ujerumani, wakinusa mvua tu wanatoka kama watu walioalikwa harusini. Kila mwenye bustani ana dawa yake ya kuwamaliza na kila mtu anaapa kwamba yake ndiyo kiboko. Yangu ni mkasi.

Bwana Lindig alikuwa na bucha kwenye kona ya mtaa wetu, bucha aliyorithi kwa baba yake. Umri wa kupumzika ulipofika hakupata wa kumwachia, akafunga mlango, akarudi nyumbani, akanyamaza. Siyo kwamba alipunguza maneno, alinyamaza kabisa. Mkewe Roswitha anasema aliendelea kuamka alfajiri kama zamani, anafunga aproni, anakaa jikoni akiitazama friji mpaka adhuhuri. Ukimuuliza chai au kahawa anatikisa kichwa, na hujui amekataa ipi. Roswitha akaona mume atamfia kwenye kiti, akamwandikisha bustani bila kumwambia.

Sasa, bustani zetu si mali ya mtu. Ni za ushirika, na mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Theluthi moja ya kipande chako lazima iwe na mboga au matunda. Nyasi za kulalia na maua ya kutazama havihesabiwi. Jumamosi ya kwanza ya Septemba kamati inapita na tepu ya kupimia, na ikikuta theluthi haijatimia, mgeni anarudisha ufunguo na anayefuata kwenye foleni anaingia. Foleni yenyewe ni ndefu, watu huzeeka humo; hata Bwana Lindig alisubiri miaka. Mwenyekiti ni Bibi Siegrun Wappler, mwanamke mwembamba anayejua kila kanuni ya ushirika kwa namba yake. Mimi ni mjumbe tu, kazi yangu kushika ncha ya tepu.

Mwezi wa Mei Bwana Lindig akapanda saladi. Kesho yake vilibaki vishina.

"Jirani," akaniita. Nilikuwa sijaisikia sauti yake tangu bucha ifungwe, nikashtuka kama nimeitwa na mti. "Nani kala saladi yangu?"

"Koa."

"Wanafukuzwaje?"

"Hawafukuzwi. Chukua mkasi, kata katikati, nenda kwa mwingine."

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia amkate Roswitha.

"Hawana hata mfupa," akasema.

"Ndiyo maana mkasi unatosha."

"Nguruwe anakutazama, na wewe unamtazama, mnaelewana. Huyu ukimgusa anayaficha macho. Nitamkataje mtu aliyefumba macho?"

Nilimwambia basi afukie vikombe vya bia ardhini. Koa hupenda bia, huingia wakanywa, hulewa, huzama, na mwenye bustani mikono yake inabaki safi. Akafukia. Bia ya bure ina wapenzi wengi: usiku huo walimiminika koa wa bustani zote, hata wangu walihama, na kwa hilo namshukuru. Lakini asubuhi nilimkuta amepiga magoti, anawaopoa mmoja mmoja na kuwalaza juu ya gazeti kivulini.

"Unafanya nini, Bwana Lindig?"

"Huyu bado anapumua."

"Anatakiwa afe."

"Amelewa tu. Wacha alale."

Walipozindukana akawatia ndani ya ndoo yenye mfuniko, akapanda nao tramu mpaka msitu wa ng'ambo ya mto, akawaachia huko. Alifanya hivyo kila baada ya mvua, na mwaka ule mvua haikuwa na aibu. Abiria wakajifunza kumwachia kiti cha pili. Mwanamke mmoja wa mtaani akaja kumnong'oneza Roswitha kwa masikitiko, "Pole, mama. Mumeo nimemwona kwenye tramu anaongea na ndoo."

Roswitha akaangua kilio, na hakikuwa cha huzuni. "Anaongea?" akauliza. "Anasema nini?"

Tatizo ni kwamba kwa kila ndoo moja iliyopelekwa msituni zilizaliwa mbili. Ndipo Bwana Lindig alipokwenda kwa mkulima mmoja nje ya mji akakodi bata sita, wale bata wembamba wanaotembea wima kama chupa zenye miguu. Hao koa ndio riziki yao. Yeye ni mchinjaji, anajua fika kwamba duniani huyu humla yule. Alichotaka ni mkasi usiwe mkononi mwake. Nilikuwepo Bibi Wappler alipofika getini.

"Bwana Lindig, mifugo hairuhusiwi."

"Hawa si mifugo. Ni wageni."

"Wageni?"

"Mpangaji anaruhusiwa kupokea wageni. Haijaandikwa wasiwe na mabawa."

Bibi Wappler akatafuta kichwani. Nilimwona midomo inacheza, anapekua kanuni moja baada ya nyingine, na haikuwepo.

"Wageni hawalali bustanini," akasema mwishowe.

"Jioni watarudi nyumbani kwangu."

"Na saa saba mpaka saa tisa mchana ni saa za kimya. Kwa wote."

"Nitawaeleza."

Basi kila jioni bata sita walikokotwa kwa kigari nyuma ya baiskeli kwenda kulala ndani ya beseni la kuogea la Roswitha, na kila mchana, ilipogonga saa saba, Bwana Lindig alijifungia nao kibandani, pazia limeshushwa, akawa anawanong'oneza wasipige kelele. Ukipita nje ungesikia sauti ya mzee inasimulia historia ya bucha, baba alivyokuwa mkali, soseji za Krismasi zilivyokuwa zinatengenezwa, na kila baada ya sentensi kadhaa "kwaa" moja ya adabu. Bibi Wappler alipita mara nyingi. Alisimama na saa yake, akatega sikio, akaondoka.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bata wale walishika jembe tangu siku ya kwanza, wakafagia koa wote, kwake na kwangu. Kisha, kwa kuwa chakula kimekwisha na njaa haijaisha, wakala saladi mpya, wakala stroberi, wakakanyaga miche ya maharage mpaka ikalala. Akawarudisha kwa mwenyewe. Nilisikia alimbusu mmoja kichwani.

Zikabaki nyanya na viazi. Alivipanda kwa wingi, na kwa vipimo vyangu vya macho vilitosha theluthi, kwa shida, lakini vilitosha. Nikamwonya: majani ya nyanya yakilowa, bakajani, ule ugonjwa wa madoa unaoozesha mimea, haichelewi. Sisi wengine tunazijengea nyanya kijipaa. Yeye hakuweza. Paa juu ya nguzo kwetu ni jengo, na kibanda alichoachiwa na mpangaji wa zamani kilikuwa kimeshakula nafasi yote inayoruhusiwa kujengwa.

Akaja na miavuli. Sijui aliikusanya wapi. Ya wanawake, ya wanaume, mmoja wa mtoto wenye vyura. Akafunga kwa kamba mwavuli mmoja juu ya kila mche, na wingu likionekana tu anakimbia huku na huko akiifungua. Jua likitoka anaifunga, nyanya zipate hewa.

"Hilo ni paa," akasema Bibi Wappler.

"Ni mwavuli."

"Ukifunguliwa ni paa."

"Ukifungwa je? Ulishaona jengo linalofungwa likawekwa kwapani?"

Bibi Wappler hakuonekana tena wiki ile. Walisema yuko nyumbani anasoma.

Katikati ya Agosti upepo mmoja ukaing'oa miavuli yote kwa pamoja na kuitawanya. Wenye vyura ulitua kwenye mpeasi wa Bibi Wappler. Aliurudisha mwenyewe, umekunjwa vizuri, akauning'iniza getini. Mvua ikanyesha mfululizo, na bakajani ikaanza kwenye viazi, madoa ya kahawia, uvundo kama wa pishi lililosahauliwa, ikapanda kwenye nyanya. Zile za kijani zilianza kuoza zikiwa bado ngumu.

Na hapo ndipo kanuni zetu zilipomshika koo. Moja inasema theluthi iwe imepandwa siku ya kupimwa. Nyingine inasema mmea wenye ugonjwa unaoambukiza ung'olewe mara moja, utiwe mfukoni, utolewe bustanini. Tepu ilikuwa inapita Jumamosi. Alhamisi jioni alikuja kwenye waya akiwa ameshika jani lenye doa.

"Nikiviacha mpaka Jumamosi, theluthi ninayo," akasema. "Mmea mgonjwa nao ni mmea. Nimesoma, haijaandikwa uwe mzima."

"Vikikaa mpaka Jumamosi, nyanya zangu zimekwenda. Upepo unatoka kwako kuja kwangu."

Nyanya zangu, msomaji, zilikuwa zimeanza kuiva. Mwaka mzima nimewalisha koa wake, nimesikilizishwa bata wake, sasa anataka kuniletea ugonjwa. Hasira zilinipanda.

"Ukiving'oa unafukuzwa," nikamwambia. "Usipoving'oa unanimaliza mimi. Fanya unavyoona." Nikachukua kikapu changu nikaenda zangu.

Ijumaa nilipofika, kwake kulikuwa kutupu. Ameng'oa kila kitu, viazi na nyanya, ametia kwenye mifuko myeusi na kuifunga, na mwenyewe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndoo ileile ya koa. Kilichobaki ni vitunguu mstari mmoja na maharage machache yaliyojiinua yenyewe.

"Zako zimepona?" akaniuliza.

Nikazikagua. Zilikuwa safi. Nikamwambia zimepona, na sauti yangu haikunipendeza. Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja, na mimi si mtu wa kukumbatia.

Roswitha alinifuata getini na chupa ya kahawa mikononi, bado imejaa. "Gundula," akasema, "jana hakula. Asubuhi amefunga aproni. Akirudi kuitazama ile friji, mimi sitaweza tena. Nakwambia kama dada yangu, sitaweza."

Nilimwambia kanuni ni kanuni.

Jumamosi kamati ilifika kwa Bwana Lindig baada ya kahawa ya saa tisa. Alikuwa amesimama kando ya kibanda, amevaa koti la suti. Bibi Wappler akalitazama lile eneo jeusi lililochimbuliwa.

"Nyanya ziko wapi?"

"Nimeziondoa. Zilikuwa na bakajani."

"Kanuni ya theluthi unaijua?"

"Naijua."

"Na uliijua ulipokuwa unang'oa?"

"Niliijua."

Hakuulizwa zaidi. Bibi Wappler akashika tepu upande wa kibanda, nami nikapewa ncha, nikaanza kutembea. Nikapita vitunguu. Nikapita maharage. Mboga zikaisha na mimi nikaendelea kutembea, nikapita udongo mtupu mpaka kwenye waya wa mpaka, nikainua mguu, nikavuka, nikaenda kusimama upande wangu, katikati ya kabichi zangu, kabichi nono za kushindana. Nikavuta tepu ikanyooka.

"Soma," nikamwambia.

Wajumbe wenzangu wakaanza kuchunguza mawingu. Bibi Wappler akanitazama, akazitazama kabichi, akautazama waya uliokuwa unaonekana hata kwa kipofu. Kisha akainama akasoma namba kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma kila mwaka. Ilikuwa theluthi na ziada.

Ungedhani Bwana Lindig angeshukuru Mungu na kutazama viatu vyake. Mtu aliyeshinda kimya miaka, siku ya kunyamaza ilipofika akafungua mdomo.

"Bibi Wappler," akasema, "samahani. Gundula amesimama kwenye bustani yake. Kabichi zile si zangu."

Roswitha akafunika uso. Mimi nilikuwa bado nimeshika ncha kwa hasira. Bibi Wappler akakunja tepu, pindo kwa pindo, hana haraka, mpaka ncha ikanitoka mkononi ikateleza juu ya waya kurudi kwake. Kisha akamgeukia.

"Bwana Lindig," akasema, "kanuni inasema wakati wa kupima mpangaji hatakiwi kuzungumza. Safari hii nakuonya tu. Mwakani panda kabichi."

Akaenda kwenye bustani inayofuata na kamati ikamfuata. Niko kwenye ushirika huu tangu nimeolewa, na kanuni hizo nimezisoma. Hakuna kanuni kama hiyo.