Hadithi Iliyosukumwa Nyuma

Mguu wangu uliharibiwa na dereva mlevi wa trela hapa Malaba, na polisi aliyemwachilia ni mkosaji mwenzake. Sasa nauza chai nikiwa nimekaa. Magari kuukuu ya Japani yakipita kwenda Uganda, madereva huniletea magazeti ya katuni yaliyosahauliwa chini ya viti. Kijapani sijui, lakini tarehe nasoma. Nikiyapanga kwa tarehe naona: kati ya hadithi nyingi za kila gazeti, inayopendwa hupewa jalada na kurasa za mbele, ikichokwa inasukumwa nyuma, halafu inapotea. Ya msichana kiwete anayepigana ngumi ilikuwa imefika kurasa za mwisho kabisa.

Juzi ajenti mmoja wa kutoa magari forodhani alikuwa akipangusa kioo cha gari kwa toleo jipya. Nikamzuia.

“Mama, si ni karatasi tu?”

“Lete hapa, boss, usiniharibie!”

Nikalianika, nikalifungua ukurasa kwa ukurasa. Msichana yuko kurasa za katikati. Amepanda. Hawajammaliza.