Boneti Niliyoshauri Iinuliwe

Leo dereva wetu amenyang'anywa funguo kwa kosa langu.

Nilisoma katika jarida kwamba magari ya mbio hutobolewa boneti ili joto la injini litoke. Nikamshawishi Ewoi, dereva wa ofisi, tuinue boneti ya pikapu upande wa kioo cha mbele kwa vipande vya mpira.

Lodwar mjini, polepole, injini ilipoa vizuri. Tulipokaza mwendo kuelekea Kakuma, mshale wa joto ukapanda, kisha mvuke.

Nikafungua jarida pale kando ya barabara. Ukurasa wa pili (sikuwa nimeufikia) unasema gari likikimbia, upepo hujazana chini ya kioo. Ukipata mwanya hapo, huingia badala ya joto kutoka, na rejeta hukosa hewa.

"Nani alichezea boneti?" bosi akauliza akishuka garini.

"Ni mimi, mzee," Ewoi akajibu.

"Lete funguo. Wewe si dereva wangu tena."

Nilikuwa nimeshika mtungi wa maji. Nikainama kuyamimina kwenye rejeta.

Baadaye Ewoi akaninong'oneza: "Karani, wewe bado hujaandikwa kazi ya kudumu, watakufukuza. Mimi niko na mbuzi kule nyumbani Nakalale."

Nawajua hao mbuzi. Ukame umebakiza wawili.

Naenda kwa bosi sasa. Niambieni nianze na neno gani.