Mzani na Kochi Lisilolia

Mtaa mzima ulimwita Mzani, na jina hilo hakulipata kwa haki yake bali kwa makalio yake. Alikuwa mtu wa mwili, mpole, mwenye haya hata ya kusalimiwa na watu wawili kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa mlangoni katika ofisi moja kubwa, na kutwa nzima alisimama. Aliwahi kuomba apewe hata stuli. Meneja akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Bwana mkubwa, mlinzi akikaa anakuwa mgeni tu aliyevaa kofia." Mzani akasema ndiyo mzee, akaendelea kusimama.

Jumamosi ndipo watu walipomkumbuka. Aliyetaka kununua kiti au kochi alipita kwanza kwake kumwazima. Hawakutaka ushauri, maana mtu mwenyewe hakuwa na maneno. Walitaka akae tu. Mzani alishuka taratibu, akahamia kushoto, akahamia kulia, akajitupa kidogo, kisha akafumba macho na kutega sikio. Kama viungo havikushikana vizuri, au mbao ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi, kochi lilitoa sauti. Hapo Mzani alifumbua macho akatamka neno moja: "Limelia." Biashara ikafa palepale. Mafundi wakimwona anatokea walianza kuambiana, "Jamani, anakuja!" na makochi mengine yakakimbizwa ndani.

Kwake mwenyewe kulikuwa na kiti kimoja kizima, cha plastiki, nacho kilikuwa cha mama watoto. Mzani alikalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Akiinuka, duara la ndoo lilibaki limechorwa kwenye suruali. Hakuwa na ndoto kubwa. Alitaka siku moja atoke kazini, avue viatu, akae kwenye kitu chenye mgongo.

Mama watoto naye alitaka kochi, ila kwa sababu nyingine. Alikuwa na dada yake mkubwa, mwenye makochi ya mahameli, ambaye kila akija alisimama katikati ya sebule akiangaza macho kama mtu anayetafuta pa kukanyaga penye matope.

"Safari hii dada atakaa," mama watoto akasema. "Vaa viatu, twende ukalie."

Walianzia duka la fanicha lenye vioo vikubwa. Kulikuwa na kochi linalong'aa, lenye vifungo vya rangi ya dhahabu. Mzani akashuka. Kwii!

"Limelia," akasema.

"Limelia nini? Limekusalimia!" mama watoto akamjia juu.

"Mzee," muuzaji akanong'ona, "hili ni la wageni. Wageni wa siku hizi wembamba."

Wakatoka, mama watoto akigeuka nyuma kuviangalia vile vifungo. Mwisho wa barabara walimkuta fundi seremala akipiga msasa. Fundi hakusifu kitu. Alilipindua kochi lake likawa miguu juu, akawaachia watazame. Ulimi wa ubao huu uliingia kwenye tundu la ubao ule, kila pembe ilikuwa na kipande cha kuikaza, na mikanda ya chini ilivutwa ikawa kama ngozi ya ngoma. Kisha akalirudisha, Mzani akakaa.

Kimya. Akahama kushoto, kimya. Akajitupa, kimya. Alikawia kufumbua macho mpaka mama watoto akamfinya akidhani kalala.

"Mama watoto, ni hili."

"Una hakika?"

"Hili watalikalia wajukuu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Kochi lilipofika nyumbani, alivua viatu, akaanza kushuka.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nakaa."

"Si ulisema la wajukuu? Sasa wewe unalichakaza la nini?"

Kochi likavikwa nailoni, juu ya nailoni vitambaa vya kufuma, na mlango wa sebule ukafungwa. Mzani akarudi kwenye ndoo yake. Aliwaza: kama ningesema litakufa baada ya mwaka, saa hizi nimelala juu yake.

Dada mtu akaja. Akafunguliwa sebule, akakaa, nailoni ikamkwaruza. Akabonyeza mto, akagonga mkono wa kochi kwa pete.

"Mdogo wangu, hii ni fanicha au benchi la mahakama? Mahameli ndiyo kochi. Hili gumu, halafu silielewi. Naona kama halijatulia."

"Lakini Mzani mwenyewe ndiye aliyelipima!" Mama watoto karibu alie. "Baba watoto! Vua hiyo nailoni, kaa, mwambie dada!"

Ilikuwa mara ya kwanza kuamriwa akae katika nyumba yake. Mzani akashuka. Kochi likampokea kama zamani, bila kulalamika. Akafumba macho. Katika miaka yote hakuwahi kukisingizia kiti. Lakini alijua pia kwamba akisema ni zima, nailoni inarudi na mlango unafungwa mpaka wajukuu wazaliwe, na binti yake mkubwa alikuwa bado darasa la nne.

Akafumbua macho, akatazama sakafu.

"Limelia."

"Si nilisema!" dada mtu akapiga makofi. "Mimi nimelisikia tangu naingia."

"Hata mimi nimelisikia kidogo," mama watoto akasema kwa unyonge.

Haikupita muda, kochi la mahameli likaletwa sebuleni, chaguo la dada, nalo likavikwa nailoni. Lile "bovu" likabebwa hadi kibaraza cha nyuma, wabebaji wanne wakihema na kushangaa, "Kochi limeharibika, mbona zito hivi?" Jioni hiyo Mzani alitoka kazini, akavua viatu, akaegemea. Ndani, paka alipita juu ya mahameli, mahameli ikalia. Alisikia Mzani peke yake, akanyamaza.

Ila habari zilimfikia fundi. Alikuja kibarazani na nyundo yake mkononi.

"Umeniua! Mtaa mzima unasema kochi langu limelia. Linalia wapi? Nionyeshe!"

"Kaa kwanza, fundi."

"Sikai!"

"Kaa."

Fundi akakaa kando yake, kwa nguvu, makusudi. Kimya.

"Halilii," Mzani akasema polepole.

"Sasa mbona ulisema limelia?"

Mzani akamwonyesha ndoo ya rangi kwa kidole. Fundi aliitazama ndoo, akaitazama nailoni iliyokuwa ikimeta dirishani, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kochi zima likatikisika, na bado halikutoa sauti.

"Mimi kwangu nakalia kreti la soda," akasema akifuta macho. "Makochi ni ya mke wangu na picha za ukutani. Lakini sikusamehe. Umenichafua, utanisafisha. Kila Jumamosi utakuja mbele ya karakana yangu, ukae juu ya kochi watu wakuone. Usiseme neno. Kutwa."

"Kutwa?" Mzani akauliza.

"Kutwa nzima! Hakuna kuinuka."

Mzani akainamisha kichwa kwa huzuni kubwa, kama mtu aliyehukumiwa, asije fundi akaona uso wake akabadili mawazo.