Dodoki Nje ya Bafu

Katika wodi ya wazee wa kike hakuna aliyejua kuogesha kama Dodoki. Jina hilo alibandikwa na wauguzi, naye akalipokea kwa maringo. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake kubwa ilikuwa kuwaogesha wasioweza kunyanyuka kitandani. Maji aliyapima kwa kiwiko, maana viganja vilishaota sugu. Alianza na uso bila sabuni, kisha mkono, kisha mguu, akifunua sehemu moja tu na kuifunika kabla ya kwenda nyingine. Mhudumu mgeni akisema, "Nimemwosha yule bibi," Dodoki alimkata kauli papo hapo: "Vyombo huoshwa, maiti huoshwa. Mtu aliye hai huogeshwa." Na ole wako umlowanishe bibi wa watu uso na miguu tu, ile tunayoiita kuoga pasipoti, halafu useme umemaliza.

Mikono yake, basi, haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mdomo.

Jioni, nyumbani alikoishi na mama yake, chakula hakikushuka bila visa vya wodini. Na hakusimulia tu, aliigiza. Siku moja alinyanyuka mezani, akajitanda shuka, akamwiga mwalimu mstaafu aliyeing'ang'ania shuka yake kwa meno ili asifunuliwe. Siku nyingine ilikuwa zamu ya bibi mwenye mikunjo ya tumbo, na Dodoki aliihesabu mmoja mmoja kwa vidole. Majina hakuyataja, kwa hiyo alijiambia si umbea. Umbea ulikuwa, tena uliokubuhu. Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi.

Kisha mama akateleza uani, akaumia nyonga na bega la kulia. Aliweza kutembea kwa kushika ukuta, lakini mkono wa kulia haukuwa na nguvu tena. Dodoki akakunja mikono ya blauzi.

"Njoo nikuogeshe, mama. Hii si ndiyo kazi yangu?"

"Bado sijafika huko," mama alijibu. "Niwekee ndoo na kigoda, uende zako."

Ikawa hivyo kwa wiki tatu. Dodoki alipita nje ya mlango wa bafu akasikia kata ikigonga ndoo, maji yakimwagika, mama akikohoa kidogo. Alifurahi moyoni kwamba mama yake bado ngangari. Mama naye alianza kujimwagia poda shingoni hadi nguo zikageuka nyeupe, na chini ya ile poda kulikuwa na harufu nyingine. Pua iliyozeeka wodini haikuweza kuikosa. Dodoki alilisingizia godoro, akalitoa nje kulianika.

Jumamosi asubuhi aliingia bafuni na kipande kipya cha sabuni. Kile cha zamani kilikuwa kwenye kisahani chake, herufi za kiwandani zimesimama vilevile kama kilivyotoka kwenye karatasi. Taulo lilikuwa limekunjwa vilevile kama Dodoki alivyolikunja, halijaguswa. Dodoki akakaa kwenye kigoda. Alielewa yote mara moja. Mama alikuwa akikaa hapo na nguo zake zote mwilini, anamwaga maji kwenye tundu la kutolea maji, kata baada ya kata, ili aliye nje asikie.

Aliingia chumbani na ile sabuni mkononi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya wodini.

"Wiki tatu, mama! Unajua vidonda vya mgongo vinaanza vipi? Mtu mzima unanidanganya na maji?"

Mama aliugeukia ukuta.

"Yule mwalimu aliyeng'ata shuka," alisema. "Siku ile nilicheka sana. Tangu nianguke, namkumbuka kila siku."

"Lakini wewe ni mama yangu! Wewe nitakusimulia kwa nani?"

"Na wale ni mama za nani?"

Uso wa Dodoki uliwaka moto. Aliwaona wote, mmoja baada ya mwingine, wakimtazama mezani wakati yeye anawaigiza. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini huniogeshi. Niitie yule mwenzako mnayemcheka. Kimya."

Kimya alikuwa mhudumu wa zamu yao, mwanamke anayeweza kumaliza siku nzima bila maneno matatu. Jina hilo la kejeli alilitunga Dodoki mwenyewe. Jumapili alimfuata kwake, na njiani akatunga uongo: kiuno kinamuuma, hawezi kuinama. Alipofunguliwa mlango, aliutupilia mbali ule uongo.

"Mama hataki nimwogeshe mimi," alisema, macho chini. "Anakutaka wewe."

Kimya hakuuliza kwa nini. Alijitupia mtandio begani wakaondoka.

Dodoki alichemsha maji, akayapima kwa kiwiko, akayabeba hadi bafuni. Mlango ukafungwa, yeye akabaki nje, bingwa wa wodi nzima, mikono inaning'inia haina kazi. Alisikia maji. Safari hii yaliangukia mwili, na mlio wake aliujua. Alimsikia mama akishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Dada, maji mengine," Kimya aliita.

Aliipitisha ndoo kwenye upenyo huku ameugeuza uso. Hakuna aliyemwambia augeuze.

Baadaye alimsindikiza Kimya hadi getini. Wodini wahudumu huambiana kila walichokiona mwilini mwa mgonjwa, na Dodoki aliuliza kwa mazoea yaleyale, ingawa safari hii moyo ulikuwa unamwenda mbio.

"Vipi mgongo wake? Kuna kidonda?"

Kimya alimtazama bila hasira.

"Akitaka ujue, atakwambia mwenyewe."

Dodoki alirudi ndani. Mama alikuwa amekaa kitandani, nywele mbichi, ananukia sabuni chumba kizima. Dodoki aliliacha swali lake mlangoni, akaenda kumletea kitana.