Ghorofa Juu ya Mtaro

Mastula alishona gomesi, yale magauni marefu ya sherehe, katika chumba chake cha mbele huko Malukhu, Mbale. Cherehani ilikaa dirishani, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Jirani yake Wanzala alipochimba msingi wa ghorofa hadi mpakani, juu kabisa ya mtaro wa maji ya mvua, Mastula alimfuata.

"Bwana Wanzala, maji yatapita wapi?"

"Usihofu, mama. Ramani yangu imepitishwa."

Haikuwa kweli. Racheal, ofisa wa mipango miji, alikuja akachora alama kubwa nyekundu ukutani na kuwaamuru mafundi washuke. Mastula alifurahi, akamkaribisha chai.

Wiki iliyofuata mafundi walirudi. Wanzala alikuwa amezungushia mabati, na ile alama haikuonekana tena. Kila Mastula alipopiga simu, Racheal alisema wakubwa wanangoja kikao. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena. Ukuta ukapanda ukaziba dirisha la Mastula. Mvua kubwa ziliponyesha, maji yalikosa njia, yakaingia ndani na kuloanisha kwa tope gomesi ya bibi harusi.

Mastula aliibeba gomesi hiyo hadi ofisini, akaitandaza mezani.

"Ameshaleta maombi ya kuhalalisha jengo," Racheal alisema, macho chini. "Mpaka yajibiwe, hatuwezi kubomoa."

"Angeomba kabla ya kujenga mngemkatalia. Sasa amejenga kwanza, ndiyo mnamngoja?"

"Mama, hata mimi inanichosha. Nimeandika ripoti mpaka basi."

Mastula alirudi nyumbani akiwa na hasira. Alisimamisha nguzo nne mbele ya nyumba, akaezeka mabati, akatoa cherehani nje apate mwanga. Hazikupita siku nyingi, askari wa mji wakaja.

"Kibanda hiki kina kibali?"

"Afande, na lile ghorofa je?"

"Hilo liko kwenye kikao. Sisi tumetumwa hapa."

"Basi na mimi nitaomba kuhalalisha."

"Omba, mama. Lakini amri ya leo ni kubomoa."

Waling'oa nguzo huku majirani wakitazama. Mastula hakulia, alishikilia cherehani isianguke, akiwatukana kwa Kigisu.

Siku hizi anashona kwa dada yake, mtaa wa Nabuyonga. Wapangaji wamekwishahamia ghorofani kwa Wanzala. Bado Mastula hupita ofisini kuuliza, na bado huambiwa kikao hakijakaa.