Chupa Juu ya Utosi

Nywele za fundi wa maabara yetu hunuka siki. Siki ndiyo inayoyeyusha unga wake wa maganda ya kamba wa baharini. Akishatia maji ya chumvi zake tone kwa tone, ulimi ukichungulia mdomoni, huibana chupa kwapani, maana joto la mwili ndilo linalogandisha maji yale yawe jeli. Asubuhi nzima hutusalimia kwa mkono mmoja. Kisha, kupima kama yameganda, huipindua chupa juu ya utosi wake mwenyewe, ikamlowesha chapachapa, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Leo halikudondoka hata tone. Akaruka, akapiga vigelegele, akapindua tena. Kavu!

“Bosi, lete kichwa!”

Mkuu wa idara, aliyekwisha kuvaa suti ya harusi ya bintiye ya jioni hiyo, akavua miwani, akainama.