Goti la Namba Kumi Wetu

Namba kumi wetu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Doornfontein. Miaka ile, kila Jumapili alitutangulia uwanjani Kensington, akakaa kwenye nyasi na kulifunga bandeji goti lake la kushoto taratibu, huku akiimba taarab ya kwao Tanga kwa sauti ya chini. Mpira ukimfikia, sisi washambuliaji tulitimka tu, maana tulijua pasi itatukuta. Lakini goti lilimwangusha kila msimu, na asubuhi ya nusu fainali kocha wetu, Chege, akasema wazi kwamba timu haiwezi kuendelea kumtegemea mtu mmoja mgonjwa.

"Bila yeye tutabutua tu, kocha," Naseeb, mchezaji wetu wa akiba, akabisha.

Tukamgeukia fundi mwenyewe. Alikuwa ameshavua jezi.

"Eish, vaa wewe, Naseeb," alisema, akimpa. "Ukiupata mpira, usiuangalie. Waangalie wenzako."

Tulishinda mbili kwa moja. Ila ninachokumbuka zaidi ni pasi ya kwanza ya Naseeb. Alipoitoa, nilimwona fundi kule pembeni, mguu wake mbovu ukinyanyuka wenyewe na kupiga hewa.